STIMA KATIKA GARI LA KUUZIA CHAKULA

Gazeti la wakulima huandika habari za mbegu, mbolea na mifugo. Mwezi huu tunaandika habari za stima, na yafaa kwanza tueleze sababu yake.

Mazao hayaishii shambani. Viazi vya Shangi vinavyochimbwa Nyandarua, Molo na Meru hutiwa katika mifuko ya kilo 50, kama zinavyoagiza kanuni za viazi za mwaka 2019, kisha hupelekwa Nairobi, na vingi huliwa kando ya barabara vikiwa chipsi. Maziwa, mayai, miwa na maembe ni vivyo hivyo. Tena siku hizi kuna wakulima, na zaidi watoto wao, ambao hawataki kumwachia dalali faida yote. Hununua gari dogo, hukata dirisha ubavuni, huweka meza, friza na kikaango, na kuuza wenyewe. Jambo hili ni jema. Lakini mtu aliyezoea jembe na ng'ombe akiingia katika kazi hii, anakutana na hatari ambayo hakuwa nayo shambani.

Mahali pazuri pa kuitazama kazi hii ni Donholm, upande wa mashariki wa Nairobi, pale Barabara ya Jogoo inapokutana na Barabara ya Outering. Zamani za wakoloni palikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa. Leo ni mtaa wenye nyumba nyingi na watu wengi, na jioni watu wanaporudi kutoka kazini, biashara ya chakula cha barabarani huwa kubwa. Udongo wa sehemu hiyo ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao wakulima wanaujua sana: mvua ikinyesha hunata miguuni, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Tafadhali ukumbuke udongo huo, maana tutaurudia.

KWA NINI GARI SI SAWA NA NYUMBA

Stima inayoletwa nyumbani na Kenya Power ina nguvu ya volti 240. Hufika kwa waya wa moto, hufanya kazi katika taa au jiko, na hurudi kwa waya baridi. Waya wa tatu ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Katika waya za siku hizi, waya wa moto ni wa rangi ya kahawia, waya baridi ni wa buluu, na waya wa ardhi ni wa kijani na manjano. Katika waya za zamani utaona nyekundu, nyeusi na kijani.

Waya wa ardhi hauna kazi siku zote mambo yanapokwenda sawa. Kazi yake huanza siku ya hatari. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bati la friza, stima hukimbilia waya wa ardhi badala ya kungoja mtu aguse bati lile.

Sasa litazame gari. Gari ni sanduku la chuma linalokaa juu ya magurudumu ya mpira, na mpira haupitishi stima kwa urahisi. Waya wa moto ukigusa bodi ya gari, na waya wa ardhi haupo, stima haina njia ya kutoka. Hukaa pale pale katika chuma. Fyuzi haiungui, taa zinaendelea kuwaka, na chipsi zinaendelea kuiva. Mwuzaji aliye ndani, ambaye amesimama juu ya sakafu ya gari lile lile, huenda asisikie kitu chochote, maana yeye na gari wako katika nguvu moja, kama ndege anayetua juu ya waya wa stima.

Anayepata taabu ni mteja. Yeye amesimama nje, juu ya ule udongo mweusi uliolowa, na pengine amevaa ndara. Ananyosha mkono kupokea chakula chake na kuegemea kwenye ukingo wa bati. Mara ile stima imepata njia ya kwenda ardhini, na njia hiyo ni mwili wake. Akiwa mtoto aliyetumwa na mamaye, ni mtoto huyo.

Basi hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Katika gari la chakula, mtu wa kwanza kuumia aweza kuwa mgeni asiyejua lolote juu ya waya zako. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Mimi nimezoea."

FYUZI HAIMLINDI MTU

Watu wengi hudhani kwamba fyuzi iliyo ndani ya plagi itamwokoa mtu. Sivyo. Fyuzi imewekwa kuulinda waya usishike moto. Tufanye hesabu kidogo.

Fyuzi kubwa ya plagi zetu za miguu mitatu ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Lakini miliampea 30 tu zikipita kifuani kwa muda zaweza kuuvuruga moyo. Ukigawanya 13,000 kwa 30 utapata zaidi ya 400. Maana yake, stima yaweza kumwua mtu mara nyingi kabla fyuzi haijajua kwamba kuna jambo.

Wengine husema, "Mimi nimepigilia chuma ardhini, nimefunga waya wa ardhi, kwa hiyo niko salama." Ni vizuri, lakini peke yake haitoshi. Tuseme ule udongo unazuia stima kwa kiasi cha omu 50, na kwa chuma kimoja kilichopigiliwa kiasi hicho si cha ajabu. Gawanya volti 240 kwa 50. Jibu ni ampea 4.8. Fyuzi ya ampea 13 haitaungua kwa ampea 4.8! Bodi ya gari itaendelea kuwa na stima. Tena wakati wa kiangazi udongo mweusi ukipasuka, huachana na kile chuma, na stima huzidi kuzuiwa.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine. Mafundi hukiita RCD. Kazi yake ni kama kazi ya karani wa ghala anayehesabu mifuko inayotoka na inayorudi. Hupima stima inayokwenda kwa waya wa moto na ile inayorudi kwa waya baridi. Hesabu hizo mbili zapaswa kuwa sawa. Zikipishana kwa miliampea 30, maana yake kuna stima iliyopotea njia, labda katika mwili wa mtu, na kifaa hukata yote kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukinunua, tazama kimeandikwa 30 mA. Kikiandikwa 100 au 300, hicho ni cha kuzuia moto, si cha kumwokoa mtu.

RCD na waya wa ardhi husaidiana. Bila waya wa ardhi, RCD itangoja mtu apigwe kwanza ndipo ikate. Waya wa ardhi ukiwapo, hukata mara tu waya unapogusa bati, kabla mteja hajafika.

HESABU YA MZIGO

Mkulima hapakii mifuko 40 katika gari la mifuko 20. Waya nao una mzigo wake. Kila chombo kimeandikwa wati zake, mara nyingi nyuma au chini. Jumlisha wati zote, kisha gawanya kwa volti 240, utapata ampea.

Tuseme gari moja lina vitu hivi:

Kikaango cha stima, wati 3,000.
Birika la stima, wati 2,000.
Blenda, wati 400.
Friji, wati 200.
Taa mbili, wati 20.

Jumla ni wati 5,620. Gawanya kwa 240, ni zaidi ya ampea 23. Plagi moja ya kawaida huchukua ampea 13 tu. Vyote vikiwashwa pamoja kwa ekstensheni moja, fyuzi itaungua. Hapo ndipo wengine hufanya jambo baya kabisa: huifunga fyuzi kwa karatasi ya sigara, au huweka kipande cha waya au msumari mahali pake. Fyuzi haiungui tena, ni kweli. Sasa kinachoungua ni waya wenyewe, na baada ya waya ni gari.

Shauri letu ni hili. Kazi ya joto kubwa ifanywe kwa gesi, na stima iachiwe kazi ya baridi na mwanga. Ukitoa kikaango na birika katika orodha ile, zimebaki wati 620, ambazo hazifiki ampea 3. Mzigo huo hubebwa na waya wa kawaida bila kulalamika.

WAYA WA KUVUTA STIMA KUTOKA DUKANI

Wauzaji wengi hupatana na mwenye duka awape stima kwa malipo. Mapatano hayo yawe wazi, na stima ipite katika mita ya mwenye duka. Kujiunganishia stima kwenye mlingoti ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Hata sheria isingalikuwapo, waya wa namna hiyo hauna fyuzi, hauna RCD, wala hauna mtu wa kuuzima.

Uangalie waya wenyewe. Lazima uwe na nyuzi tatu ndani yake. Mara nyingi utaona waya wa nyuzi mbili kwa sababu ni rahisi, na mazungumzo huwa kama haya:

"Mama, mbona waya huu una nyuzi mbili tu?"

"Fundi, si taa zinawaka?"

"Taa hazihitaji waya wa tatu, mama. Wateja wako ndio wanaouhitaji."

Fundi huyo amesema kweli. Chombo hufanya kazi bila waya wa ardhi, na ndiyo sababu watu hudanganyika.

Yashike na haya:

1. Waya uwe wa kazi ya nje, wenye ngozi ya mpira mzito, usiokatwa na kuungwa kwa nailoni au selotepu. Kiungo kikiingia maji ni hatari.

2. Ukitumia ekstensheni ya kuzungushwa kwenye gurudumu, uikunjue yote hata kama gari liko karibu. Waya uliokunjwa hushika joto kama majani mabichi yaliyorundikwa ghalani, na waweza kuyeyuka. Soma kibandiko chake: mara nyingi huonyesha mizigo miwili, mmoja wa waya uliokunjwa na mwingine wa waya uliokunjuliwa.

3. Waya usipite mahali ambapo magari au mikokoteni huukanyaga, wala usilale ndani ya maji ya mtaro.

4. RCD iwekwe upande wa dukani, mwanzo wa waya, ili iulinde na ule waya unaopita nje. Ya pili yaweza kuwekwa ndani ya gari.

5. Usichomeke nyuzi tupu ndani ya soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Weka plagi.

6. Usitengeneze waya wenye plagi za miguu pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa dukani, miguu ya upande wa pili ina volti 240 mkononi mwako. Mlango wa stima ubavuni mwa gari uwe ule wenye miguu iliyofichwa, na soketi yenye matundu iwe kwenye waya unaotoka dukani. Plagi za buluu za mviringo za ampea 16 zimetengenezwa kwa kazi hiyo, na zina kifuniko cha kuzuia mvua.

Kuna jambo moja ambalo ni kazi ya fundi, si ya mwuzaji. Katika majengo mengine waya wa ardhi umeunganishwa na waya baridi wa kampuni ya stima. Waya baridi huo ukikatika huko barabarani, waya wa ardhi waweza kuleta stima kwenye bodi ya gari badala ya kuiondoa. Huko Uingereza kanuni za mwaka 2002 zinakataza kabisa kuunganisha ardhi ya namna hiyo na chuma cha gari la kulala au cha mashua. Kwa hiyo mwambie fundi wako apime ardhi ya duka, na aseme kama gari lahitaji chuma chake lenyewe pamoja na RCD. Fundi huyo awe na leseni ya EPRA, ambayo ndiyo mamlaka ya kawi katika Kenya. Mwombe akuonyeshe leseni yake. Fundi mwema hakasiriki akiulizwa.

JENERETA

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na ikapotea tena tarehe 11 Novemba mwaka ule ule. Mwenye friza lililojaa nyama na maziwa hawezi kusahau siku kama hizo. Kwa hiyo wengi hununua jenereta ndogo. Jenereta ni msaidizi mwema, lakini huua kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni moshi. Ndani ya moshi wa injini mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona usingizi, na asipotolewa nje hufa. Jenereta isiwekwe kamwe ndani ya gari, wala chini ya dirisha. Ikae nje, mbali kadiri waya unavyoruhusu, na moshi uelekee upande usio na watu. Jiko la makaa ndani ya gari lililofungwa hutoa sumu hiyo hiyo.

Njia ya pili ni petroli. Usitie petroli jenereta ikiwa inafanya kazi au ikiwa bado moto. Izime, ingoje ipoe, ndipo utie. Mteja anayengoja chakula kwa dakika kumi hukasirika kidogo tu.

Njia ya tatu ni stima kurudi nyuma. Mtu akichomeka jenereta katika soketi ya duka wakati stima imepotea, stima yake yaweza kutoka dukani hadi kwenye transfoma, na transfoma huikuza hadi volti 11,000. Fundi wa kampuni aliye juu ya mlingoti, akidhani waya umekufa, aweza kupigwa nayo. Kwa hiyo pawe na swichi ya kubadilisha, ambayo huruhusu stima ya upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

Tena yafaa kujua kwamba katika jenereta nyingi ndogo waya baridi haujaunganishwa na fremu ya chuma. Katika hali hiyo RCD haiwezi kuona stima iliyopotea njia. Fundi ndiye wa kulitazama na kulitengeneza jambo hilo. Na usiibebeshe jenereta mzigo wake wote. Yenye wati 2,000 ipewe wati 1,600 tu, maana friji linapoanza kuzunguka huvuta nguvu nyingi zaidi kwa muda kidogo.

BETRI NA INVERTA

Watu husema betri ya gari haina hatari kwa kuwa ni volti 12. Ni kweli kwamba haimpigi mtu kwa namna ya stima ya nyumba. Lakini yaweza kuliteketeza gari. Tazama hesabu: inverta ya wati 1,000 huvuta ampea 83 kutoka betri ya volti 12. Ingawa nguvu ya kusukuma ni ndogo, wingi wa stima ni mkubwa sana, kama mfereji mpana usio na mteremko. Waya mwembamba hapo utakuwa mwekundu kama mkaa.

Basi waya wa betri uwe mnene, uwe mfupi, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na kichwa cha betri. Kikaango cha wati 3,000 kingehitaji ampea 250, kwa hiyo usijaribu. Lakini friji dogo la wati 60 lafaa. Betri ya ampea 100 kwa saa ina nguvu ya wati 1,200 kwa saa, na betri ya maji ya asidi isinywewe zaidi ya nusu. Nusu ni 600, na friji hilo laweza kwenda saa 10 bila kuiharibu betri.

Betri ya asidi inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Ifunikwe isiguswe na spana au sufuria, lakini ipate hewa, na isikae karibu na jiko.

GESI NA CHECHE

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, si mbali na Donholm, lori lililobeba gesi lililipuka, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Na huko Philadelphia, Marekani, tarehe 1 Julai 2014, mtungi wa gesi wa gari la chakula ulilipuka, na mama na binti yake waliokuwa wakiuza wakafa. Twasimulia mambo haya kwa sababu gesi na stima hukaa pamoja katika gari moja dogo.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni na kukaa pale kama maji katika beseni. Kwa hiyo gari liwe na matundu chini, karibu na sakafu, na mtungi ukae nje au katika kabati lake lenye tundu la kutolea hewa nje. Swichi, soketi na betri zisikae chini karibu na mtungi. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala usizime swichi yoyote, maana swichi hutoa cheche. Funga mtungi, toka, waondoe wateja, na uache milango wazi.

WAYA NDANI YA GARI

Waya wa nyumba ni mgumu, wenye uzi mmoja mnene. Nyumba haitikisiki, kwa hiyo unafaa. Gari hutikisika kila siku, na waya ule huvunjika ndani kwa ndani bila kuonekana. Gari latakiwa waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kila mahali waya unapopita katika tundu la bati, tundu livishwe mpira, kama sivyo bati hulisaga ganda la waya kidogo kidogo mpaka ligusane na shaba. Skrubu za soketi nazo hulegea kwa mitikisiko, na skrubu iliyolegea hutoa joto. Zikazwe kila baada ya miezi mitatu, stima ikiwa imezimwa. Panya pia hupenda gari lenye mabaki ya chakula, na hutafuna waya.

Usiegeshe gari chini ya waya za stima zinazopita juu, hasa ukiwa na mwavuli mrefu au paa la kuinua.

Kanuni hizi ndizo hizo hizo kwa magari ya kulala yanayotumiwa na watalii mbugani. Tofauti ni kwamba gari la chakula lina wateja nje, mafuta na maji ndani, na mwuzaji mwenye haraka.

KAZI YA KILA SIKU

Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, fanya hivi kwa mpango:

1. Tazama waya wote toka mwanzo hadi mwisho. Uliochubuka usitumike.

2. Zima swichi zote za gari. Unganisha waya na gari kwanza, halafu na soketi ya duka, kisha washa.

3. Bonyeza kidude cha kujaribu cha RCD. Ni lazima ikate mara moja. Isipokata, usifanye kazi kwa stima siku hiyo. Lakini elewa kwamba kidude hicho hupima kifaa chenyewe tu, hakipimi waya wa ardhi. Ardhi hupimwa na fundi kwa chombo chake, angalau mara moja kwa mwaka.

4. RCD ikikata yenyewe wakati wa kazi, usiirudishe mara mbili tatu kwa hasira. Chomoa vyombo vyote, uirudishe, kisha chomeka kimoja kimoja. Kinachoikatisha ndicho kibovu.

Jioni, zima, chomoa dukani kwanza, kisha chomoa garini. Usioshe gari kwa mpira wa maji likiwa na stima.

MTU AKIPIGWA NA STIMA

Usimshike! Wengi wamekufa kwa kumvuta ndugu yao. Zima stima kwanza. Ikiwa haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha stima, na umsukume kwa mti mkavu, kama fimbo au mpini wa ufagio. Kama ni waya mkubwa wa mlingoti umeanguka, kaa mbali, uwazuie watu, na upige simu Kenya Power nambari 97771.

Akiwa hapumui, piga 999 au 112, na uanze kukandamiza kifua chake katikati kwa mikono miwili, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke kama sentimita 5. Usiache mpaka msaada ufike. Akiwa mzima, hata hivyo apelekwe hospitali, maana stima yaweza kuudhuru moyo bila alama nje. Palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, stima ikiwa imekatwa. Usipake siagi wala dawa ya meno.

Moto wa stima au wa mafuta usimwagiwe maji. Kata stima, funga gesi, funika karai kwa mfuniko au blanketi la kuzimia moto. Kwa moto wa waya, mtungi wa unga mkavu au wa kaboni dayoksaidi wafaa. Uning'inizwe karibu na mlango, si nyuma ya jiko, maana moto ukiwaka hutaweza kuufikia.

Watu husema ajali haina kinga. Kwa ajali nyingine labda ni kweli. Kwa stima kinga ipo, na huuzwa katika duka la vifaa vya stima. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto wake apate gari la biashara, asikubali gari hilo litoke bila RCD na waya wa nyuzi tatu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomee mwenzako maswali haya, hasa kijana anayeanza kazi hii, na ajibu bila kutazama.

1. Kwa nini mwuzaji aliye ndani huenda asipigwe, lakini mteja aliye nje apigwe?

2. Blenda ya wati 480 huvuta ampea ngapi kwa volti 240?

3. Taa zinawaka vizuri. Je, hiyo ni dalili kwamba waya wa ardhi upo?

4. RCD imewekwa ndani ya gari tu. Ni sehemu gani imebaki bila ulinzi?

5. Unasikia harufu ya gesi usiku, na gari ni giza. Utawasha taa?

Majibu: (1) Mwuzaji na gari wako katika nguvu moja, lakini mteja amesimama ardhini. (2) Ampea 2. (3) La, taa huwaka bila waya wa ardhi. (4) Waya unaotoka dukani hadi garini. (5) La, hata kidogo; funga mtungi gizani kwa kupapasa, toka, na ungoje hewa ibadilike.